Cheche ya Motakaa Hutoka Wapi?

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliokwisha maliza masomo hapa Ruharo, kazi ya koili ya motakaa niliijua kwa daftari tu, si kwa mikono, mpaka likizo iliyopita nilipokuwa nikirudi Mbarara kutoka Nakivale.

Tulikuwa watu sita katika motakaa moja kuukuu. Pamoja nasi alikuwako mama mmoja na mtoto wake aliyechomwa jicho na mwiba, wakienda hospitali ya macho hapa Ruharo. Tulipokwisha kupita Kabingo injini ikakohoa mara mbili tatu, kisha ikazimika. Dereva akajaribu kuiwasha. Ikazunguka vizuri, ila haikushika. Petroli ilikuwamo. Mimi, kwa kuwa nasoma fizikia, nikatamka mbele ya watu wote ya kuwa koili imekufa, na hapana budi kutafuta nyingine mjini. Yule mama akaanza kulia.

Kabla sijaeleza kosa langu, yafaa tufahamu kazi ya koili. Betri ina volti 12 tu, nazo haziwezi kuruka upenyo wa plagi, ingawa ni mdogo kuliko milimita moja, hasa hewa na petroli zikiisha kushindiliwa ndani ya silinda. Zatakiwa volti 10,000, pengine 20,000. Koili ndiyo izifanyayo. Ndani yake mna chuma kilichozungushiwa nyaya mbili: mmoja mnene, wenye mizunguko mia chache, wa pili mwembamba kama unywele, mizunguko yake yapata mara mia ya ule wa kwanza. Umeme wa betri hupita katika waya mnene na kukigeuza chuma kuwa sumaku.

Hapa ndipo wengi hukosea. Cheche haitoki umeme unapopita, bali unapokatwa. Nguvu ya sumaku ikitoweka ghafula huamsha umeme katika nyaya zilizoizunguka. Jambo hili aligundua Michael Faraday huko London mwaka 1831. Kadiri inavyotoweka upesi, ndivyo volti zinavyozidi. Je, hamjasikia bomba likigonga mtu afungapo mfereji kwa ghafula? Maji yalipokuwa yakienda hayakugonga.

Mkataji ni pointi mbili ndogo ndani ya distribyuta. Mhimili wake, katika injini ya silinda nne, una pembe nne, nao huzunguka nusu ya mwendo wa injini. Kila pembe ipitapo husukuma pointi zikaachana, na rota iliyo juu huupeleka umeme mkali kwenye plagi ambayo zamu yake imefika. Hesabuni wenyewe: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi huachana mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde! Pembeni mna kondensa, inayoupokea umeme usije ukaruka kati ya pointi na kuziunguza. Mpango huu aliutengeneza Charles Kettering wa Marekani, ukatiwa katika motakaa za Cadillac za mwaka 1910.

Basi, kati ya abiria alikuwamo mzee mmoja Mkongo, fundi wa motakaa. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, koili haifi upesi hivyo. Tumtazame kwanza yule anayekata umeme."

Akafungua kifuniko cha distribyuta, akamwambia dereva azungushe injini. Pointi hazikuachana hata kidogo. Skrubu ilikuwa imelegea, zikasogeleana. Umeme ukawa unapita tu, haukatwi. Akazipangusa, akangoja ncha ya pembe izisukume, akatia kati yake kipande cha karatasi ngumu ya kiberiti, akakaza skrubu, akaichomoa karatasi. Upenyo utakiwao hapo ni kama sehemu 4 za kumi za milimita. Injini ikashika mara moja. Nilimwomba radhi yule mama, na tukafika Ruharo kabla ya giza.

Njiani nikauliza, "Papa, basi koili hufa kwa nini?" Akasema wenye motakaa za namna hii huacha swichi wazi injini ikiwa imesimama. Pointi zikiwa zimegusana, umeme hupita bila kukoma, koili ikachemka mpaka ikaungua.

Motakaa za siku hizi hazina pointi. Transista ndiyo hukata umeme, na nyingi zina koili moja juu ya kila plagi. Kwa hizo karatasi ya kiberiti haifai kitu, nami nilipomwambia mzee hivyo alicheka sana.