KAMBA KWANZA, MTI BAADAYE

Wahenga walisema, "Kamba hukatika pabovu." Methali hii niliisikia tangu utoto, lakini maana yake niliifahamu siku binamu yangu alipoanguka mtini kwetu Butiama. Alipanda mkuyu kutundika mzinga wa nyuki, amejifunga kiunoni kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Tawi alilokanyaga likakatika, fundo likafunguka, naye akavunjika paja. Hata leo anachechemea. Hakuwa mzembe, alikosa elimu ya kamba tu.

Mimi nataraji, nikifaulu mtihani, kuomba nafasi katika Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, Arusha. Katika kazi za misitu wako watu ambao hapana budi wapande miti mirefu, kama vile wachumaji wa mbegu. Nilipomweleza babu, alikataa kabisa. "Mjukuu wangu, ndugu yako hukumwona?" Nikamwomba anipe likizo moja nijifunze kamba, kisha aamue. Niliyojifunza ndiyo ninayowaletea, wasomaji wenzangu.

Kwanza, tutazame hesabu. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kuwa mraba wa mwendo wa kitu kinachoanguka ni 2 mara 10 mara kimo cha mita. Mtu akianguka kutoka mita 5 hufika chini kwa sekunde 1 tu, akiwa na mwendo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Kutoka mita 20 mwendo huwa kilomita 72 kwa saa, kama gari barabarani. Basi anayesema, "Nikiteleza nitadaka tawi," ajiulize kama sekunde 1 yamtosha.

Pili, kamba yenyewe. Nilikwenda Musoma kwa mjomba wangu, mvuvi wa Mwigobero, nikidhani kamba zote ni sawa. Mjomba akacheka. Akanionyesha kuwa katani huoza ikikaa na unyevu, na kamba ya plastiki hudhoofishwa na jua, tena ikisuguliwa sana hupata moto ikayeyuka. "Hizi ni za mashua, mpwa wangu," akasema. "Mashua ikifunguka tutaifuata kwa kasia. Wewe ukifunguka tutakufuata kwa machela." Kamba ya kupandia miti hufumwa kwa nailoni au poliesta, na unene wake aghalabu ni milimita 11 hadi 13. Kabla ya kazi, ipitishe yote mkononi polepole. Ukigusa mahali palipokatika, palipokauka au palipovimba, usiipande.

Tatu, mafundo. Mjomba alinifundisha kitanzi kisichokaza, ambacho wavuvi hufungia mashua. Fanya duara dogo katika kamba. Ingiza ncha kutoka chini ya duara, izungushe nyuma ya kamba ndefu, irudishe katika duara lile lile, kisha kaza. Acha mkia mrefu, maana mkia mfupi huchomoka.

Fundo lingine ni la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, aliyelieleza mwaka 1931. Chukua kitanzi cha kamba nyembamba, ukizungushe mara tatu juu ya kamba kubwa, kila mzunguko ukipita ndani ya kitanzi chenyewe. Ukikitegemea kwa uzito, msuguano hukifanya kishike. Ukiondoa uzito, husogea. Mpandaji hutumia vitanzi viwili, kimoja cha mkanda wa kiunoni na kimoja cha mguu. Husimama kwa mguu akasogeza cha kiunoni; huketi katika mkanda akasogeza cha mguu. Ndivyo apandavyo.

Nne, mazoezi ya chini. Huko Bunda, jirani ya shangazi yangu ni fundi wa kupogoa miti. Alinivika mkanda na kofia ngumu, akapitisha kamba juu ya tawi bichi la mwembe, nene kama paja, karibu na shina. Sharti lake lilikuwa moja: nisipite nusu mita kutoka ardhini. Siku ya kwanza mizunguko yangu ilipandana, fundo likateleza, nikaketi mchangani huku watoto wakinicheka. Nilitahayari, lakini nikakumbuka binamu yangu. Kosa ni lile lile. Yeye alilifanyia juu, mimi nikalifanyia chini. Nilirudia siku sita hadi mikono ikajua yenyewe.

Niliporudi Butiama, babu alinipa kamba akaniamuru nifumbe macho, nifunge mafundo yote mawili. Nikafunga. Akayavuta kwa nguvu zake zote, yasifunguke. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nenda, lakini usipande mti mrefu mpaka wenye kazi yao wakufundishe."

Nami nawaambia vivyo hivyo. Makala hii si ruhusa ya kupanda miti ya shuleni. Kamba ni herufi tu. Kusoma kitabu chenyewe kwahitaji mwalimu. Lakini asiyejua herufi ataaibika siku ya kwanza darasani, na darasa hili halisamehi.

Zoezi: Mtu ameanguka kutoka tawi lililo mita 3.2 juu ya ardhi. Alifika chini kwa mwendo gani? Ukipata mita 8 kwa sekunde, umepata. Kisha fikiri tena kuhusu ule mwembe unaoupanda kila Jumamosi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne