UJUMBE SI PESA
Somo kwa wanaouza mali kwa simu



Siku hizi watu wengi hapa Nakivale hawangoji siku ya soko ili kuuza mali yao. Mwenye cherehani, sola au magunia ya maharagwe hupiga picha, huiweka katika kikundi cha WhatsApp, kisha hungoja simu ilie. Mnunuzi anaweza kuwa Juru, Mbarara au hata Kampala. Ni jambo jema, maana wanunuzi wakiwa wengi bei huwa nzuri. Lakini sokoni unamwona mtu uso kwa uso na unahesabu noti mkononi mwako. Kwa simu humwoni mtu, na pesa huzioni. Hapo ndipo tapeli anapopata njia.

Somo la leo lina neno moja la kushika: ujumbe si pesa. Pesa ni salio lako.

TAPELI ANAFANYAJE?

Tuchukue mfano. Mama anauza cherehani kwa shilingi 400,000. Mtu anapiga simu, anakubali bei bila kubishana, anasema yuko Mbarara na atamtuma mwenye pikipiki kuichukua. Baada ya muda mfupi ujumbe unaingia: "Umepokea shilingi 400,000." Mwenye pikipiki amekwisha fika mlangoni. Mnunuzi anapiga tena na tena: "Mama, fanya haraka, giza linaingia." Mama anatoa cherehani. Kesho yake anakwenda kwa ajenti kutoa pesa, anaambiwa hakuna kitu. Ujumbe ule aliuandika tapeli mwenyewe. Mama amepoteza cherehani, na pamoja nayo kazi iliyolisha watoto.

Ziko hila nyingine:

1. Pesa zilizozidi. Anasema: "Nimekosea, nimetuma 500,000 badala ya 50,000. Nirudishie 450,000." Ukirudisha, unatoa pesa zako mwenyewe, kwa sababu yeye hakutuma chochote.

2. Picha ya risiti. Anakuletea picha ya karatasi ya benki na kusema pesa ziko njiani. Picha hutengenezwa.

3. Nambari za siri. Anasema hawezi kulipa mpaka umpe nambari yako ya siri, au tarakimu 6 zilizoingia katika simu yako sasa hivi. Akipata ya kwanza, anaweza kuchukua pesa zako. Akipata zile 6 za WhatsApp, anachukua akaunti yako na kuomba pesa kwa ndugu zako kwa jina lako.

4. Ada ya kwanza. Anasema: "Nitanunua magunia yote, lakini tuma kwanza 30,000 za gari." Anayenunua ndiye anayetoa pesa. Mnunuzi anayeanza kwa kukuomba pesa si mnunuzi.

JINSI YA KUJILINDA

Kabla ya kuuza, tazama salio lako na uliandike. Ukiwa na laini ya MTN piga *165#; ukiwa na Airtel piga *185#. Huhitaji intaneti. Fuata maelezo mpaka uone salio. Nambari ya siri uiweke mwenyewe, wala usimpe mtu mwingine simu akuwekee.

Mnunuzi akisema amelipa, usiutazame ujumbe, hata kama juu yake kuna jina la kampuni. Tazama salio tena. Kama ulikuwa na 12,000 na cherehani ni 400,000, lazima sasa uone 412,000. Usipoziona, mali haitoki ndani. Akisema mtandao ni mbaya leo, mjibu kwa upole: "Sawa, tutangoja mtandao." Mnunuzi wa kweli atangoja. Tapeli atakasirika, atakutukana au atakata simu. Haraka yake ni dalili.

Kama mnunuzi anaweza kufika, mkutane mchana, mahali penye watu, karibu na ajenti unayemfahamu. Nenda na mtu wako. Akutumie mbele yako, utazame salio, ndipo umpe mali. Akileta noti, zihesabu na kuzikagua kabla ya kuachia.

Andika pia tarehe, jina, nambari ya simu, kitu ulichouza na bei. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maandishi hayo yatakusaidia hata kama mnunuzi alilipa kweli, kisha akaiambia kampuni kwamba alituma kwa makosa.

UKIIBIWA

Usifute ujumbe wowote. Ndio ushahidi wako. Iarifu kampuni ya laini yako mara moja, kisha peleka habari kwa viongozi wa RWC na polisi. Kama laini imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, nenda pamoja naye.

Usimpige mwenye pikipiki. Huenda alikodishwa tu, naye hajui lolote. Mwombe nambari iliyomwita na mahali alipopeleka mzigo. Ukimpiga, umempoteza shahidi, na wewe ndiwe utakayeshtakiwa.

Wengine hunyamaza wakisema, "Mimi ni mkimbizi, nani atanisikiliza?" Ndugu, sivyo. Sheria ya Uganda ya 2011 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu udanganyifu wa namna hii kuwa kosa la jinai. Tena Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani. Kuibiwa si aibu. Ukinyamaza, tapeli yule atahamia kwa jirani yako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ujumbe wa simu hautoshi kuonyesha kwamba umelipwa?
2. Salio lako lilikuwa 8,000. Umeuza redio kwa 45,000. Unapaswa kuona kiasi gani kabla ya kuitoa?
3. Mnunuzi anasema anaharakisha kuwahi gari. Utamjibu nini?

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma. Naye ana simu, naye ana kitu cha kuuza.