Dondoo muhimu: Mtoto akipasua kioo cha jirani

Kwenye vilima vya mawe vya Mabatini au Igogo jijini Mwanza, jiwe moja la manati linatosha kupasua kioo cha Bajaji iliyoegeshwa chini. Kwa maoni yangu, mzazi wa mtoto ndiye alipe, hata kama hakuwepo nyumbani. Msikimbilie polisi: kisheria, mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Pigeni picha, kisha nendeni wote wawili kwa fundi mkasikie bei. Msitegemee bima: bima ndogo hailipi kioo cha mwenye chombo. Kama dereva anapeleka hesabu kwa tajiri, ongezeni na hesabu ya siku Bajaji ilizolala. Hilo wengi hulisahau, na ndilo linaloumiza. Mkishindwana, mwoneni mwenyekiti wa mtaa, na makubaliano yaandikwe pamoja na tarehe za malipo.