Ninawi na Vibao vya Udongo

Kisa cha Nabii Yunus, alayhi ssalaam, twakijua sote. Mji aliopelekwa twaujua wachache. Wafasiri wa Qurani wasema ni Ninawi, ambao magofu yake yako kando ya mto Dijla, katika Mosul ya Iraki.

Ninawi ulikuwa makao ya wafalme wa Ashuri. Mwaka 671 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mfalme Esarhaddon alimshinda Taharqa, Mwafrika wa Kushi aliyeitawala Misri. Mwanawe, Ashurbanipal, alipigana vita vingi, lakini alikusanya pia maandishi: khabari za dawa, za nyota, na hata kisa cha gharika kuu, yote yamechorwa kwa tete juu ya vibao vya udongo.

Mwaka 612 majirani zao, Wababeli na Wamedi, waliungana wakauteketeza mji. Dola ikatoweka. Lakini moto ule ule ulivichoma vibao vingi vikawa vigumu kama vyungu. Vilifukuliwa katika karne ya 19, na leo vibao na vipande zaidi ya 30,000 vimo London.

Nasi Isiolo je? Askari wa Kisomali waliofanya makao hapa baada ya Vita Kuu vya 1914–1918 wamekwisha kufa, na khabari zao nyingi zimo vinywani mwa wajukuu. Ndugu zetu wa pwani nao wana yao. Majeshi hayakuihifadhi Ninawi, kalamu imeihifadhi. Basi kila mwanafunzi wa darasa na achukue daftari, amwendee mzee mmoja angali hai, aandike.