SOMO KWA MAKATIBU: SAA, TAREHE NA KIPIMO

Ujumbe wa chama ukieleweka vibaya, hasara humwangukia mwanachama. Chukueni mfano huu. Katibu aliyeko Musoma anawaandikia wakulima wa pamba wa Bunda na Butiama: "Lori litakuja kesho saa 8. Leteni mizigo." Yeye amehesabu saa kwa Kizungu. Lori linafika saa 2 asubuhi. Wakulima wanafika saa 8 mchana, nalo limekwisha ondoka.

Makosa ni matatu. Kwanza, saa ya Kizungu na ya Kiswahili hutofautiana kwa saa 6. Sharti kutaja asubuhi, mchana au usiku. Pili, barua ikichelewa, "kesho" ya mwandishi huwa "jana" ya msomaji. Tatu, "mizigo" haisemi ni kitu gani wala kilo ngapi.

Ujumbe ulio wazi ni huu: "Lori litafika ghalani Jumanne, tarehe 12 Julai, saa 2 asubuhi. Kila mwanachama alete pamba safi, isiyozidi kilo 200."

Kabla ya kuutuma, msomeeni mtu asiyejua habari hiyo. Akiuliza swali, jibu lake liongezwe ndani ya ujumbe.