MAJIRA YA MWAKA NA KIVULI CHA KIJITI
Somo kwa walimu wa vyuoni na wazazi

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twasema:

Miongoni mwa sura anazohifadhishwa mtoto mapema chuoni ni Suratu Quraysh. Ni sura fupi, na mtoto wa miaka sita aisoma pasi na kukwama. Ndani yake zatajwa safari mbili za Makureshi, moja ya shitaa, yaani majira ya baridi, na moja ya seif, yaani majira ya joto. Na wenye tafsiri wametueleza kwamba ile ya shitaa ilikuwa ya kwenda Yemen, na ile ya seif ya kwenda Sham. Lakini mwite mtoto huyo umwulize: Shitaa ni nini? Huja lini? Na kwa nini huja? Atakutazama tu. Kisha huenda skuli, akafunguliwa kitabu chenye picha ya theluji ya mwezi wa Disemba, akaambiwa kuwa mwaka una majira manne. Naye hurudi kwao mwezi huo huo wa Disemba jasho likimtiririka. Basi mtoto huyu amepewa maneno mahali pawili, na maana yake hakupewa popote.

Wala hili si jambo dogo. Mtoto azoeaye kutamka asilolielewa hukua akidhani kuwa elimu ni kutamka. Na akiuliza chuoni khabari za jua na mvua, akajibiwa, "Nyamaza, usome," ataona kwamba mambo hayo yana wenyewe, na kwamba wenyewe si walimu wake wa dini. Yawaje haya, hali wanazuoni wa Kiislamu ndio waliokesha wakipima mwendo wa jua na nyota? Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, aliupima ule mwinamo uletao majira, akaupata daraja 23 na dakika 35. Leo ni kama daraja 23 na dakika 26, kwani wapungua kidogo kidogo kwa kupita karne, na kipimo chake chakaribia mno ulivyokuwa zama zake.

Sababu ya majira

Ardhi hulizunguka jua mara moja kwa mwaka, nayo haikusimama wima katika mzunguko wake, bali imeinama kwa kiasi cha daraja 23 na nusu, na mwinamo huo waelekea upande ule ule mwaka mzima. Kwa hivyo ardhi ikiwa upande mmoja wa jua, nusu yake ya kaskazini ndiyo iliyoliinamia jua. Na ikifika upande wa pili, ni zamu ya nusu ya kusini. Kiasi cha tarehe 21 Disemba jua hufika ukomo wake wa kusini, na siku hiyo mchana wa watu wa kaskazini huwa mfupi kuliko michana yote ya mwaka. Mchana wa London siku hiyo hautimii muda wa saa 8. Na kiasi cha tarehe 21 Juni, jua lifikapo ukomo wake wa kaskazini, mchana wa huko hupita saa 16. Maka nayo i kaskazini ya Ikweta, na ndiyo sababu shitaa yake huangukia miezi hiyo ya Disemba na Januari.

Ama sisi watu wa pwani hii, tangu Lamu hata Vanga, tuko kusini ya Ikweta. Basi siku ile iliyo na mchana mfupi kwa mtu wa London, kwetu ndiyo yenye mchana mrefu kuliko yote. Lakini kwa kuwa tu karibu mno na Ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi hapa Mombasa ni kama nusu saa tu, wala mtoto hawezi kuihisi. Kumfundisha mtoto wetu majira kwa urefu wa mchana ni kumfundisha asichokiona. Yeye yafaa afundishwe kwa vitu viwili vilivyo mbele ya macho yake: kivuli na upepo.

Na liko kosa moja ambalo mwalimu ajihadhari nalo, nalo ni kusema kwamba baridi huja kwa sababu jua limekuwa mbali. Sivyo. Ardhi huwa karibu zaidi na jua mwanzo wa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, wakati watu wa Ulaya wakitetemeka kwa baridi. Na huwa mbali zaidi mwanzo wa Julai, kiasi cha kilomita milioni 152. Jambo ni mwinamo. Miale ishukayo wima hukusanyika mahali padogo ikapachoma. Na ijayo kimshazari hutawanyika mahali papana, joto lake likapungua.

Somo la kwanza: kijiti

Simamisha wima uani kijiti cha urefu wa mita moja. Kabla ya jua la kati, watoto watie alama ya chaki penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, na waendelee mpaka kivuli kianze kurefuka. Kile kilicho kifupi kuliko vyote ndicho kivuli cha jua la kati. Nacho kipimwe, na alama yake ibakishwe kwa rangi isifutike. Watoto wakanywe wasilikodolee macho jua lenyewe. Kazi yao ni kivuli.

Wakifanya hivi Mombasa tarehe 21 Disemba, watakiona kivuli kimelala upande wa kaskazini, urefu wake kama sentimita 35. Kiasi cha tarehe 10 Machi karibu hakitaonekana, kwani jua li juu ya utosi. Na kadhalika kiasi cha tarehe 3 Oktoba. Na tarehe 21 Juni kitakuwa kama sentimita 52, nacho kimegeuka kimelala kusini. Mombasa i karibu sawasawa kusini ya Maka, kwa hivyo kaskazini yetu ndiyo kibla chetu. Mwambie mtoto asimame jua la kati aelekee kibla: Disemba atakiona kivuli chake mbele yake, na Juni kitakuwa nyuma yake. Hapo atafahamu kwa mwili wake kwamba jua lina ukomo mara mbili kwa mwaka, na kwamba hurudi.

Hapa pana faida ya fiqhi pia. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na kitu chenyewe, mbali na kile kivuli cha jua la kati. Wengi wameshika neno la kulingana, na hilo la pili wameliacha. Mwezi wa Juni kijiti cha mita moja hakina budi kivuli chake kifike kiasi cha sentimita 152. Mwenye kusali kilipofika 100 amesali kabla ya wakati. Mtoto mwenye alama zake uani hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Somo la pili: chungwa na taa

Chomeka kijiti katikati ya chungwa, kitokee juu na chini. Tia karafuu moja chini kidogo ya kiuno cha chungwa, iwe ndiyo Mombasa, na nyingine juu, iwe ndiyo London. Washa taa katikati ya chumba chenye giza. Mtoto akiinamishe kijiti kuelekea ukuta mmoja, kisha aizunguke taa polepole, na kijiti kisiache kuelekea ukuta ule ule. Ataona karafuu ya juu mara yapata mwanga mwingi na mara yapata kidogo, na ile ya Mombasa haibadiliki sana. Asiambiwe kwanza, na aulizwe aonacho.

Somo la tatu: upepo

Jua likiwa kusini, bara kubwa la Asia hupoa, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kuja upande wetu wenye joto. Hiyo ndiyo kaskazi, ivumayo tangu Disemba hata Machi. Jua likiwa kaskazini, bara hilo hupata moto, hewa yake hupanda juu, na pepo za bahari huvutwa kutoka kusini zikaijaze nafasi. Hiyo ndiyo kusi. Na baina yake, pepo zinapogeuka, ndipo zinapotujia mvua za masika na vuli. Kwa kaskazi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakija Mombasa, na kwa kusi yakirudi. Basi mtoto aambiwe: mwinamo ule ule umpao mtu wa London theluji, ndio utupao sisi kaskazi.

Mtoto mwerevu atauliza: Mbona Ramadhani mara huja wakati wa joto na mara wakati wa kipupwe? Ajibiwe kwamba miezi yetu ya ibada yafuata mwandamo, na mwaka wake ni pungufu ya mwaka wa jua kwa kiasi cha siku 11. Kwa hivyo Ramadhani hupita katika majira yote kwa muda wa kama miaka 33, na wenye michana mirefu na wenye michana mifupi wakapata kila mmoja fungu lake. Mabaharia na wakulima wa pwani walijua haja ya hesabu ya pili, ndipo wakawa na mwaka wa Nairuzi wa siku 365, wakihesabu siku kumi kumi, na kila kumi wakiiita mwongo. Yaliyozuliwa katika sherehe za siku ya mwaka yana hukumu yake. Ama hesabu yenyewe ni elimu, na elimu haitupwi.

Kijiti hakina bei, na ua kila chuo kinao. Mwalimu na aanze Disemba hii, na aitie alama ile ya kwanza pamoja na wanafunzi wake. Ikifika Juni, wao wenyewe watamkumbusha.

Wabillahi tawfiq.