Makaa Yanayofunga Shaba

Wanafunzi wengi wa Mbinga waujua mrututu, dawa ya buluu inayochanganywa na chokaa na kunyunyizwa mikahawa isipatwe na ugonjwa. Ndani yake mna shaba, na shaba haiozi kama majani. Mwaka hata mwaka hubaki udongoni. Risasi nayo ni vivyo hivyo, tena ni mbaya zaidi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu tangu 2007 hadi 2014 kiliacha risasi katika udongo, na watoto wakaugua.

Je, sumu isiyooza ifanyweje? Nilifanya jaribio hili pamoja na Kidato cha Tatu. Tulichoma maganda ya kahawa ndani ya debe lililofunikwa, hewa isipite sana, yakawa makaa, si majivu. (Msomaji asichanganye haya na makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka.) Tukayasaga. Kisha tuliyeyusha mrututu, kiasi cha punje moja ya mahindi, katika kikombe cha maji, tukatia vijiko vitatu vya unga ule, tukatikisa, tukaacha mpaka kesho yake. Tulipochuja, buluu ilikuwa karibu imetoweka. Makaa yana vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na shaba hunaswa humo. Tena majivu kidogo yaliyomo hupunguza uchachu wa maji, shaba ikagandamana na makaa.

Mwanafunzi mmoja akasema shaba imekufa. Basi tukayamwagia makaa yale maji ya ndimu, tukachuja tena. Buluu ikarudi, ingawa hafifu.

Makaa hufunga, hayaui, asidi hufungua. Nasi jambo hili latuhusu, kwa kuwa makaa ya mawe mara nyingi yana salfa, na kifusi chake kikipata hewa na mvua chaweza kutoa maji ya asidi yanayobeba madini. Maji ya upande wa Ngaka hushukia Ruhuhu, na Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa karibu na Lituhi, wanakovua usipa. Kifusi cha namna hiyo chafaa kutiwa chokaa pamoja na makaa, wala si mara moja tu, na maji yake yapimwe miaka mingi. Risasi huungana na fosfati, kama ile ya Minjingu, ikawa kitu kigumu kuyeyuka. Lakini fosfati hiyo hiyo yaweza kuifungua arseniki, kwa hiyo udongo hupimwa kwanza.

Atakayerudia jaribio asitumie kikombe cha kunywea, wala asimwage maji ya mrututu kijitoni: huua samaki.